Miaka miwili ya sayansi za msingi kwa miradi: nilicholipia na nilichopata

Nianze na meno yangu, kwa sababu ndiyo yaliyonifikisha kwenye udaktari wa meno. Ni ya kahawia. Si uchafu, napiga mswaki kuliko wengi wenu. Ni ile kahawia ya Maji ya Chai, Ngurdoto na Usa River, yenye mabaka na vishimo vidogo kama vya sindano. Nikicheka kwenye daladala hapa Dar, konda ananiuliza, "Dada, Arusha ya wapi?" Na huwa hakosei.

Sasa niko mwaka wa tano, wa mwisho. Kila msimu wa maombi ya vyuo ukifika, wadogo zangu waliomaliza PCB (fizikia, kemia na biolojia) wananiuliza swali lile lile: chuo chenu kinachofundisha kwa miradi kikoje, tuombe au tusiombe? Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa sauti za WhatsApp, kwa hiyo naandika hapa. Jina la chuo sitaji. Bado nina mitihani mbele yangu, na walimu wengine wanasoma kila kitu.

Kwanza mjue bidhaa yenyewe. Miaka miwili ya mwanzo ni ya sayansi za msingi: anatomia, histolojia (elimu ya tishu), fiziolojia, biokemia, mikrobiolojia. Kwingine unakaa ukumbini watu mia na zaidi, unakusanya madesa, unakesha wiki mbili kabla ya UE, yaani mtihani wa chuo, ukianguka unapiga supu (mtihani wa marudio), ukianguka tena unadisko, yaani unaondolewa chuo. Kwetu lekcha zipo lakini zimepunguzwa karibu nusu. Mahali pake mnawekwa kundi la watu wanane, mnapewa swali moja la kukaa nalo wiki nane, na mwisho lazima mtoe kitu. Ripoti peke yake haitoshi. Kiwe kifaa, au jaribio linalofanya kazi mbele ya watu, au somo mnalokwenda kulifundisha nje ya chuo. Mradi una uzito wa asilimia 40 kwenye alama zote.

Msichanganye na ule mtindo mwingine wa kupewa kisa cha mgonjwa kwenye karatasi mkakijadili, ulioanzia McMaster kule Kanada mwaka 1969 na ambao Malmö, Sweden, waliupeleka kwenye udaktari wa meno mwaka 1990. Kule kazi inaweza kuishia kwenye mjadala. Kwetu mkimaliza mjadala ndipo kazi inaanza, na kwa kawaida ndipo pesa zinapoanza kutoka.

Swali letu la kwanza kabisa, mwaka wa kwanza, lilikuwa limechapwa kwenye nusu karatasi: kwa nini watu wa sehemu fulani wana meno ya kahawia, na utawaambia wafanye nini? Mwalimu wa biokemia aligawa karatasi, macho yake yakafika kwangu, akayahamisha haraka. Wenzangu saba nao wakaanza kusoma lile swali kana kwamba lina kurasa kumi. Nikawaambia, "Jamani msinionee haya. Nihesabuni kama kielelezo." Tukacheka, na tangu hapo kundi likawa kundi.

Likizo ya Krismasi nilirudi nyumbani nikabeba maji. Chupa moja ya kisima chetu, moja ya mvua kutoka kwenye simtanki, na moja ya jirani yetu ambaye ana ile ndoo ya kuchujia ya mkaa wa mifupa. Kwetu ndoo hizo si ngeni, kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, madini yaliyomo kwenye maji ya kwetu, kipo hapo hapo Ngurdoto. Niliongeza na kipande cha magadi ambayo mama anawekea makande yaive upesi. Hilo la magadi lilikuwa wazo la rafiki yangu Mhaya ambaye hajawahi kufika Arusha. Alikuwa anauliza tu maswali ya kijinga, na ndiyo yaliyokuwa bora.

Tulipima maabara kwa elektrodi ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, kwa sababu ya hali halisi ya miamba yetu ya volkano, kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4. Kisima chetu kilivuka mara mbili ya kile kiwango cha dunia. Maji ya mvua yalikuwa karibu na sifuri. Ya jirani yalikuwa katikati. Kisha tukayeyusha kijiko cha magadi, na namba ikaruka mpaka tukadhani mashine imekufa. Tukarudia. Tukarudia tena. Mashine ilikuwa nzima. Nikakumbuka makande yote niliyokula tangu naota meno.

Hapa ndipo niliposhikwa na hii njia ya kusoma. Kwetu kila mtu anaamini kwamba maji yanapaka jino rangi, kama chai inavyopaka kikombe. Hata mto wenyewe unaitwa Maji ya Chai, una rangi ya chai kweli, utabisha nini? Kumbe jino linatoka kwenye ufizi likiwa jeupe. Jeupe la chaki, lisilong'aa. Floraidi iliyozidi ilishafanya kazi yake miaka kadhaa kabla, jino likiwa bado ndani ya taya. Enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, ikikomaa, protini zilizoijenga zinatakiwa ziondolewe ili madini yajae mpaka yafike karibu asilimia 96 ya uzito wake. Floraidi ikizidi, uondoaji huo unachelewa, na enameli inabaki na vitundu chini ya uso wake. Jino likishatoka, vitundu vinanyonya rangi za vyakula na vinywaji polepole. Na seli zilizotengeneza enameli zinapotea jino linapochomoza. Fundi kaondoka, hana simu.

Siku tulipoelewa kipande hicho sikusema kitu mpaka jioni. Kwa miaka nilikuwa nanunua maji ya chupa kwa pesa ya bumu, mkopo wa wanafunzi, nikidhani meno yatarudi kuwa meupe taratibu. Ningekuwa nimelisikia hilo kwenye lekcha, ningeandika "enameli haijirudishi", nikapigia mstari, nikapata alama moja kwenye mtihani. Nililipata nikiwa nimeshika chupa ya maji ya nyumbani mkononi. Siwezi kulisahau hata nikitaka.

Kuna kitu kingine kilichotoka kwenye mradi huo ambacho bado nakipenda. Ile ndoo ya jirani inafanyaje kazi? Mfupa na jino vina madini ya aina moja, haidroksiapataiti. Ukiuchoma mfupa wa ng'ombe vizuri, madini yale yanabaki na yanakamata floraidi kwenye maji. Enameli nayo hukamata floraidi vivyo hivyo, ndiyo maana dawa ya meno inaiweka. Rafiki yangu Mhaya akasema, "Kwa hiyo ndoo ya jirani yenu ni jino kubwa." Tukaiandika hivyo hivyo kwenye wasilisho. Mifupa ikichomwa pungufu, maji yananuka. Ikipitiliza moto ikawa myeupe kabisa, nguvu ya kukamata inapungua. Mama yangu alishawahi kupewa ndoo akairudisha, alisema maji yana harufu ya supu ya juzi. Kabla ya mradi nilimwona mbishi. Baadaye nikajua alikuwa anatoa ripoti sahihi ya maabara kuhusu joto la tanuri.

Wiki ya pili ya mradi tulipokuwa tumekwama, mwalimu alituhadithia habari za Frederick McKay, daktari wa meno aliyefika Colorado Springs, Marekani, mwaka 1901, akakuta wenyeji wana meno ya kahawia. Alitafuta sababu miaka 30. Jibu likaja mwaka 1931 kutoka kwa H. V. Churchill, mkemia wa kampuni ya aluminiamu, ndipo ikajulikana ni floraidi kwenye maji. Halafu kwa kuwa meno hayo ya kahawia yalikuwa hayatoboki hovyo, mwaka 1945 mji wa Grand Rapids ukaanza kuongeza floraidi kidogo kwenye maji yake. Wao wanaongeza, sisi tunatoa, kemia ni ile ile. Mwalimu akamaliza: "Nyie mna wiki sita zimebaki. Mkikwama miaka 30 njooni mniambie."

Alama: 81. Nyota tano kwa mradi huo, na sipunguzi hata robo.

Mradi wa pili ulikuwa wa utando wa kwenye meno na sukari. Nauhadithia kwa sababu unaonyesha mwalimu mzuri anafanya nini kwenye mfumo huu, ambacho mara nyingi ni kunyamaza. Tulitaka kuonyesha kwamba ukinywa chai ya sukari mdomo unakuwa na asidi, pH (kipimo cha asidi, kikishuka asidi imezidi) inashuka chini ya 5.5 na enameli inaanza kupoteza madini. Tukanywa chai ya rangi, vijiko vitatu vya sukari, halafu kila dakika tano tukapima mate kwa karatasi za pH. Mchoro ukatoka umenyooka kama barabara ya Dodoma. Hakuna kilichoshuka. Tukabadilisha chai tukaweka soda, hali ile ile isipokuwa dakika za mwanzo. Siku mbili tunalaumu karatasi.

Mwalimu akapita, akaangalia mchoro wetu. "Mmepima nini?"

"Mate, Dokta."

"Kinachooza ni nini, mate au jino?" Akaondoka zake.

Ndiyo tukaamka. Bakteria wanaotengeneza asidi, akina Streptococcus mutans na wenzao, wanaishi ndani ya utando ulioganda kwenye jino. Mate ndiyo yanayopambana na asidi hiyo. Sisi tulikuwa tunampima zimamoto joto badala ya kupima nyumba inayoungua. Ikabidi tusipige mswaki siku mbili ili utando ujengeke. Watu wanane, chumba cha diskasheni kidogo, Dar, mwezi wa tatu, feni mbovu. Siendelei. Tukakwangua utando kwa kijiti, tukaupaka kwenye karatasi kabla na baada ya sukari, na rangi ikabadilika ndani ya dakika chache, kisha ikachukua karibu saa nzima kurudi. Ni mchoro ule ule alioutoa Robert Stephan miaka ya 1940, isipokuwa wetu ulikuwa na harufu.

Leo kijana wa bodaboda akikaa kwenye kiti changu ananiambia anakunywa soda moja tu kwa siku, namuuliza anaimaliza kwa muda gani. Anasema anaiweka kwenye pikipiki, anapiga funda kila akishusha abiria, mpaka jioni. Hiyo si soda moja kwa jino. Nayajua hayo mpaka kwenye mifupa, na sijawahi kuyakariri.

Sasa mabaya, maana mkisoma mpaka hapa mtadhani nimelipwa.

Mwaka wa pili tulipewa mradi wa taya la chini na mishipa yake ya fahamu. Zao: modeli ya taya itakayotumika kufundishia wanaotufuata. Tukagawana kazi kama watu wazima wenye akili. Mmoja achonge mfupa, wawili wafuatilie mshipa wa tano wa fahamu na matawi yake, mmoja misuli ya kutafuna, mmoja mishipa ya damu, wengine maandishi. Mimi nikapewa bajeti na rangi, kwa kuwa nina mkono mzuri na ni mbahili. Modeli ikatoka nzuri mno. Plasta, nyaya za umeme za rangi, taya linafunguka kwa bawaba ya kabati. Tulipata 87, alama ya juu kuliko makundi yote. Ipo mpaka leo kwenye kabati la kioo karibu na ofisi ya idara. Ukipita uiangalie, rangi ni yangu.

Miaka miwili baadaye, mwaka wa nne, kliniki. Mzee wa miaka sitini na kitu, gego la chini la kushoto, la kung'oa. Nikamwamkia, nikajaza fomu, nikavuta ganzi, nikachoma pale nilipodhani panastahili. Tukasubiri. Nikamuuliza, "Baba, mdomo umekufa ganzi?" Akajigusa. Nikaligonga jino taratibu, akaruka. Nikamwambia asogeze ulimi. Akanijibu kwa tabu, maneno yakiteleza: "Binti, ulimi umelala, lakini jino linaniangalia."

Msimamizi wangu hakunigombeza, angenigombeza ningepona haraka. Aliniuliza tu mshipa wa ulimi uko wapi ukilinganisha na ule wa meno ya chini. Nikanyamaza. Mshipa wa ulimi upo mbele kidogo na ndani zaidi. Ule wa meno unaingia kwenye tundu lake upande wa ndani wa taya, nyuma yake. Sindano yangu haikufika kwenye mfupa, niliishia njiani, nikalaza ulimi nikaacha jino macho. Nilitakiwa niguse mfupa kwanza, kiasi cha milimita 20 hadi 25 kwenda ndani kwa mtu mzima, nirudi nyuma kidogo, nivute kuangalia kama damu inaingia, ndipo nisukume dawa. Na usipitilize kwenda nyuma, huko kuna tezi ya mate iliyopitiwa na mshipa wa uso. Ukiilaza hiyo, mgonjwa anaondoka jicho halifungi. Mambo haya yote yalikuwa kwenye modeli yetu ya alama 87. Waya wa njano. Niliupaka mimi. Sikujua unaelekea wapi.

Mzee akachomwa mara ya pili, na msimamizi, kisha akang'olewa akaondoka akinishukuru, jambo lililoniuma zaidi. Usiku ule nikaazima taya halisi kwa rafiki yangu, yule aliyefuatilia mshipa wakati wa mradi. Akanionyesha kila tundu kwa kijiti cha kiberiti, bila kuangalia kitabu. Yeye mradi ulimpa kila kitu. Mimi ulinipa mkono mwepesi wa brashi na cheti cha kundi bora.

Hili ndilo kosa kubwa la bidhaa hii, na halitajwi kwenye tangazo lolote. Kundi likigawana kazi, linagawana na elimu. Kila mtu anabaki na kipande chake, halafu mgonjwa anakuja mzima. Wanaojua kukwepa wanakwepa kiulaini zaidi kuliko kwenye mtihani. Tulikuwa na mwenzetu aliyepita miradi mitatu akiwa "mratibu wa mawasiliano", yaani anatuma ujumbe kwenye kundi: "Jamani tumefikia wapi?" Alama alipata kama zetu. Siku hizi nasikia wamebadilisha: mwisho wa mradi mwalimu anamchagua mtu yeyote na kumuuliza kuhusu sehemu ambayo si yake, na akishindwa kundi zima linapunguziwa. Ningekuwa nimekutana na utaratibu huo, mzee yule angechomwa mara moja.

Kosa la pili ni mashimo. Miradi inachimba shimo refu sehemu moja na kuacha uwanja mzima haujaguswa. Floraidi niulize usiku wa manane. Lakini kinga ya mwili tulipewa lekcha nne na ahadi kwamba "itajitokeza kwenye mradi". Haikujitokeza. Figo, mapafu, moyo, nimevisoma kwa madesa ya vyuo vingine, na ndivyo walivyofanya wenzangu wote waliofaulu. Na daktari wa meno anakutana na moyo kila siku. Mgonjwa wa presha anakaa kwenye kiti, ganzi ina adrenalini, unaamua nini? Hilo halina mradi. Hilo linataka mtu akusimamie ukutani na kukuuliza maswali hamsini mfululizo, kwa mtindo ule wa zamani tunaoucheka.

Gharama nayo ipo. Ada ni ile ile kama kwingine, lakini plasta, karatasi za pH, kuchapisha mabango na nauli ni juu yenu. Kundi lenye mtoto wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi linatoa modeli nzuri, na walimu, wapende wasipende, wanazipa alama modeli nzuri. Sisi bawaba ya kabati tuliing'oa kwenye kabati la hosteli. Nadhani muda wa kushtakiwa umeshapita.

Nisingeweza kufunga bila mradi wa mwisho, ambao ndio unaonifanya nisishushe nyota zaidi. Ulikuwa wa embriolojia (ukuaji wa kiumbe tumboni) na histolojia, swali likiwa: meno ya plastiki ni nini? Mliolelewa nchi hii mnayajua. Mtoto wa miezi minne, mitano au sita anapata homa na kuhara, ufizi sehemu ya chonge unaonekana umevimba una weupe, jirani anasema ni meno ya plastiki, wengine wanayaita ya nailoni, anapelekwa kwa mganga, ufizi unachanwa na kitu cheupe laini kinatolewa. Watoto wengine wanapona, wengine wanavuja damu au wanapata maambukizi, na wengine hawarudi.

Sisi wasomi tukatengeneza bango la kwanza: MENO YA PLASTIKI HAYAPO. Herufi nyekundu. Tukalipeleka kliniki ya mama na mtoto kwa ajili ya majaribio. Muuguzi pale, mama mtu mzima, akalisoma, akalikunja, akaturudishia. "Wanangu, yule mama amekiona kwa macho yake. Kimetolewa kwenye kinywa cha mwanawe, kikawekwa kwenye kiganja chake. Mkimwambia hakipo, mmemwita mwongo, na somo limeishia hapo. Mwambieni kile alichokiona ni nini."

Tukarudi maabara tukiwa tumenyooka. Kile alichokiona ni nini? Hapo ndipo histolojia iliponiingia kwa mara ya kwanza, maana lilikuwa swali la mtu. Jino la utoto linaanza kama unene mdogo kwenye kinywa cha kiumbe kikiwa tumboni wiki ya sita hivi. Chonge la utoto halichomozi mpaka mtoto awe na mwaka na zaidi, kwa hiyo kwenye miezi mitano bado ni laini, jeupe, limejaa maji, madini yake hayajakamilika. Ukilitoa halifanani kabisa na jino, linafanana na plastiki. Mganga hakudanganya alichokishika. Amekosea alichokiita. Na umri huo huo ndio mtoto anaanza uji, anatambaa, anatia kila kitu mdomoni, ndiyo sababu anahara. Homa nyingi zinapita zenyewe, hivyo mganga anapata sifa kwa kazi ambayo mwili ungefanya.

Bango la pili lilikuwa na picha nne na maneno machache: kile cheupe ni jino la mwanao, bado changa, likitolewa halirudi, na jino la ukubwani linalokaa chini yake linaweza kuharibika, mtoto akihara mpe maji ya chumvichumvi na umlete hapa. Yule muuguzi akalibandika mwenyewe, kwa plasta ya vidonda. Akina mama wakauliza maswali mpaka tukakosa chakula cha mchana. Mmoja aliuliza kama alilitoa la mtoto wa kwanza, afanye nini sasa. Hakuna aliyekuwa na jibu tayari kati yetu wanane. Muuguzi akamshika mkono, akamwambia amlete mtoto aangaliwe.

Kwa hiyo, wadogo zangu. Nyota tatu na nusu kati ya tano. Ukiwa mtu wa kukaa nyuma na kusubiri uambiwe, utapita na utatoka na kipande kimoja kama mimi na waya wangu wa njano. Ukiwa mtu wa kuuliza maswali ya kijinga kwa sauti, kama yule Mhaya, hutapata chuo kizuri kuliko hiki. Mkija siku ya kutembelea msiulize kuhusu maabara wala intaneti. Ulizeni mwalimu mmoja anasimamia makundi mangapi. Mwaka wangu wa kwanza yalikuwa matatu, mwalimu alikuwa na muda wa kupita na kutuuliza tumepima nini. Mwaka wa pili yalikuwa saba, na mwalimu wa makundi saba anasaini tu. Mradi wa taya ulifanyika mwaka huo. Na someni kinga ya mwili wenyewe, kuanzia wiki ya kwanza, msisubiri ijitokeze.

Jambo moja la nyumbani. Ule mwaka wa kwanza, niliporudi na majibu ya maji, mtoto wa dada yangu alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Meno yake ya mbele ya ukubwani yalikuwa yanajengwa ndani ya taya wakati huo huo, nami nilikuwa na mchoro wa kuonyesha. Mama yangu hakuutaka mchoro. Alisikiliza habari ya magadi, akauliza mara mbili kama nina uhakika, kisha akalitoa lile bonge la magadi jikoni akaliweka kwenye banda la ng'ombe. Uji wa mtoto ukaanza kupikwa kwa maji ya mvua kutoka kwenye simtanki, na yalipoisha wakati wa kiangazi, kwa maji ya ndoo ya jirani, harufu ya supu ya juzi na yote. Makande sasa yanachukua saa mbili zaidi kuiva, na kila nikipiga simu nakumbushwa hilo.

Wiki iliyopita dada alinitumia picha. Jino la mbele la chini limeng'oka, Junior ameshika pengo kwa kidole anacheka. Nimeikuza picha mpaka ikapasuka. Ndani ya ufizi kuna kitu cheupe kimeanza kuonekana, lakini simu ya dada ni ya zamani, siwezi kusema kama kinang'aa au ni chaki. Nimemwambia apige nyingine Jumamosi, dirishani, jua likiwa limetoka.